Msimbo wa mifumo ya umma uhifadhiwe kabla seva hazijazimwa

Mkoa wa Tanga ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo nchini kuandikisha chanjo za watoto katika kishikwambi. Arusha ilitangulia, Tanga na Kilimanjaro zikafuata. Mfumo ulitengenezwa ili mhudumu wa zahanati, awe Handeni mjini au kijiji cha ndani cha kata ya Kang'ata, asome kibandiko kwenye kadi ya mtoto, aone chanjo alizokwisha kupata na zilizobaki, kisha apate orodha ya watoto ambao hawakurudishwa kliniki. Mtandao ukikatika, kazi iendelee, taarifa zipelekwe baadaye. Kwa wilaya yenye vijiji vilivyotawanyika kama Handeni, hilo halikuwa jambo dogo.

Programu iliyofanya kazi hiyo ilipita mikono mingi kabla ya kufika kwetu. Toleo la kwanza, lililojaribiwa Arusha, lilitokana na mfumo wa chanjo wa Albania. Baadaye wataalamu walihamia OpenIZ, programu huria iliyoandikwa katika chuo cha Mohawk, mjini Hamilton nchini Kanada, na juu yake ikajengwa rejista iliyoitwa TImR. Kazi hiyo ilifanywa chini ya mpango wa BID, ulioanza 2013 ukiongozwa na shirika la PATH kwa kushirikiana na Wizara ya Afya, kwa fedha za mfuko wa Bill na Melinda Gates. OpenIZ nayo haikudumu kwa jina hilo. Waliokuwa wakiiendeleza walihamia kwenye mrithi wake, SanteDB.

Gazeti hili halina ugomvi na safari hiyo. Programu huria huishi kwa kupita mkono hadi mkono: mmoja huandika, mwingine huchukua, hurekebisha na kurudisha alichoongeza. Tunachokipigia kelele ni hiki: kila programu inapohama, nchi yetu haina utaratibu unaojulikana na kila mtu wa kuweka nakala ya msimbo, yaani maandishi yenyewe ambayo kompyuta huyafuata. Toleo lile lililoendesha kliniki za Tanga, pamoja na marekebisho yaliyofanywa ili lifuate ratiba ya chanjo ya Tanzania, lihesabu wilaya zetu na liseme na wahudumu wetu, linapaswa kuwa na mahali pake panapotajika, na mtumishi mwenye cheo na jina la ofisi anayelitunza. Tunaitaka Wizara ya Afya itaje mahali hapo hadharani. Tunaiomba ifanye hivyo kwa kila mfumo uliowahi kuingia katika zahanati, shule na ofisi za kata kwa fedha za umma au za wafadhili.

Wapo watakaosema kwamba cha kuhifadhi ni taarifa, si programu. Tunawasihi wafikiri tena. Taarifa zilizobaki bila msimbo wake ni majedwali yenye safu za tarakimu. Namba 3 katika safu fulani inaweza kuwa dozi ya tatu, au kituo namba tatu, au sababu ya tatu ya mtoto kutochanjwa. Anayejua ni msimbo. Tangu Juni 2022 familia kutoka Ngorongoro, mkoani Arusha, zimekuwa zikihamia Msomera, hapa Handeni. Mtoto aliyeanza chanjo kwenye mkoa mmoja na kuimalizia kwenye mwingine ndiye hasa ambaye rejista ya namna hii ilibuniwa kwa ajili yake. Mwaka 2035 akihitaji kuthibitisha kwamba alichanjwa surua, au mtafiti wa Chuo Kikuu cha Muhimbili akitaka kulinganisha chanjo za Arusha na za Tanga, faili la taarifa peke yake halitatosha. Atahitaji kujua mfumo ulihesabu vipi, ulikataa nini, na ulijaza nini wenyewe pale mhudumu alipoacha wazi.

Hatari si ya kufikirika. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, siku chache baadaye tovuti ya shirika lake la misaada, USAID, ikazimwa, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo shirika hilo likafungwa rasmi. Katika sekta ya afya ya nchi za Afrika Mashariki, fedha hizo zililipia mishahara ya watu walioandika programu, ada za seva na majina ya tovuti. Yeyote aliyewahi kufanya kazi katika mradi wa wafadhili anajua mwisho wake huwaje. Magari hukabidhiwa kwa hati. Viti huhesabiwa. Jenereta huandikwa kwenye rejista ya mali. Msimbo ulioandikwa kwa miaka mitano na vijana sita hauonekani popote kwenye orodha ya makabidhiano, kwa sababu hauna uzito wala namba ya ubavuni. Seva hulipiwa hadi mkataba uishe. Baada ya hapo kampuni inayokodisha seva hutuma barua pepe ya onyo kwa anwani ambayo haina mtu tena, kisha hufuta.

Hata pale ambapo msimbo umewekwa kwenye hazina za pamoja zinazojulikana duniani, usalama huo ni wa nusu. Mwaka 2015 Google ilitangaza kwamba inafunga hazina yake ya Google Code, na Januari 2016 ikaifunga. Humo ndimo ilimokuwa ODK, programu ya kukusanya taarifa kwa simu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington, ambayo mpango wa afya wa AMPATH wa Eldoret nchini Kenya ulikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitumia, katika kupima watu nyumba kwa nyumba. ODK ilinusurika kwa sababu ilikuwa na wenyewe waliokuwa macho, wakaihamishia hazina nyingine, GitHub. Mwaka huohuo wa 2015 hazina ya Gitorious ilinunuliwa na kufungwa. Mwaka 2020 Bitbucket iliacha kupokea miradi ya mtindo wa Mercurial, na miradi ipatayo 250,000 ilisalimika kwa sababu tu hazina ya kimataifa ya Software Heritage iliwahi kuinakili. Fikiri kuhusu mradi wa mwanafunzi wa Dodoma au Iringa uliokuwa katika moja ya hazina hizo, mwenye mradi akiwa ameshaajiriwa kwingine na amesahau nenosiri lake. Nani alikuwa macho kwa niaba yake?

Tena wenye hazina hizo wana sheria za kwao za kutii. Mwaka 2019 watumiaji wa GitHub walioko Iran, Syria na Crimea walifungiwa sehemu ya huduma kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Walioumia ni waandishi wa programu wa kawaida, ambao hawakuwa wametunga sera ya nchi yoyote. Hatusemi kwamba Tanzania iko katika hali hiyo. Tunasema kwamba taifa lililoweka nakala pekee ya kazi yake katika nyumba ya mwingine limejiweka chini ya uamuzi wa mwingine.

Kwa wasomaji ambao si wa fani hii, tueleze kidogo jinsi programu za leo zinavyojengwa, maana hapo ndipo uzito wa jambo ulipo. Hakuna anayeandika mfumo kuanzia mstari wa kwanza. Anayetaka kuchora grafu, kusoma tarehe au kutuma ujumbe mfupi huchukua maktaba ya msimbo iliyokwisha kuandikwa na mtu mwingine, akaiunganisha na kazi yake. Maktaba hiyo nayo imeegemea nyingine, na nyingine. Mfumo mdogo wa ankara za maji wa halmashauri unaweza kuwa umeegemea mamia ya maktaba ambazo aliyeujenga hajawahi kusikia majina yake. Machi 2016 mtu mmoja aliyekasirishwa na mgogoro wa jina aliondoa maktaba zake 273 katika hazina ya npm. Mojawapo, left-pad, ilikuwa na mistari 11 tu ya kuongeza nafasi mwanzoni mwa maneno. Kwa saa kadhaa miradi mingi ulimwenguni ilishindwa kujengwa. Wenye hazina ya npm walilazimika kuirudisha wao wenyewe.

Kwetu, jambo hilohilo lilitupata kwa njia nyingine. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Watu walilalamikia WhatsApp na huduma za fedha, na walikuwa na haki. Lakini katika ofisi zinazojenga mifumo kulikuwa na tatizo lisilotangazwa: hazina za maktaba ziko ng'ambo, na bila waya huwezi kuzivuta. Kenya, mtandao wa vyuo vikuu wa KENET umekuwa ukiweka nchini nakala za hazina za programu huria zinazosasishwa mara kwa mara. Uganda, RENU hufanya vivyo hivyo. Tanzania tunao TERNET, mtandao wa aina hiyohiyo, na tunavyo vituo vya kubadilishana mawasiliano ya intaneti Dar es Salaam na Arusha. Nakala ya ndani ya hazina kubwa za maktaba haihitaji jengo jipya. Inahitaji mashine chache zenye diski kubwa, umeme wa uhakika na mtu wa kuzisimamia. Waya ukikatika tena, kazi isisimame.

Sasa tugeukie kile ambacho Watanzania na majirani zao waliandika wenyewe, kwa sababu hapo hasara hugusa zaidi ya huduma. Mwishoni mwa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na kampuni ya Uswidi iitwayo IT+46 kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili chini ya mradi wa Kilinux. Hayo yalikuwa kabla ya simu janja kutufikia, wakati ambapo shule nyingi hazikuwa na kompyuta hata moja. Walimu na wataalamu walikaa wakakubaliana kipi kiitwe nini, amri baada ya amri, dirisha baada ya dirisha. Kenya nako Jason Githeko aliandaa kamusi ya tahajia ya Kiswahili, yenye orodha ya maneno na kanuni za kukagua herufi, akaitoa kwa leseni huria.

Tazama kilichotokea baadaye. Kampuni ya Sun Microsystems, iliyomiliki OpenOffice, ilinunuliwa na Oracle mwaka 2010. Mwaka huohuo kundi kubwa la waandishi wake lilijitenga na kuanzisha LibreOffice. Mwaka uliofuata OpenOffice ikakabidhiwa kwa wakfu wa Apache. Katika mtikisiko wote huo, ile kamusi ya Githeko haikupotea. Ilikuwa ndani ya hazina ya pamoja ya kamusi za programu hizo, kando ya Kiarabu, Kizulu na Kifaransa; hazina ilipohama ikahama nayo. Mpaka leo anayeandika kwa LibreOffice na kuchagua Kiswahili cha Tanzania anakaguliwa tahajia na kazi ile ya miaka ishirini iliyopita. Mwalimu wa Korogwe anaweza kuitumia bila kumlipa mtu na bila kuomba ruhusa.

Linganisha na kazi za vijana wetu zinazoishia kwenye kompyuta mpakato. Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho katika vyuo vyetu, Dodoma, Dar es Salaam, Mzumbe, Arusha na kwingineko, huwasilisha miradi ya programu: mifumo ya kusajili mazao ya ushirika, ya kutabiri bei ya mahindi, ya kupanga zamu za wauguzi, ya kusoma Kiswahili kwa sauti. Ripoti hupigwa chapa, hufungwa kwa jalada gumu na huwekwa maktaba. Msimbo hubaki kwenye diski mweko. Mwaka unaofuata mwanafunzi mwingine huanza mfumo uleule upya, akikutana na makosa yaleyale, kwa sababu hakuna orodha ya kumwonyesha kwamba mwenzake alishafika hapo. Tunasomesha watu wapande ngazi ileile ya kwanza kila mwaka. Mkulima wa Kang'ata huchagua mahindi ya mbegu, akayatundika juu ya moshi wa jiko, na hata njaa ikibisha hodi hayagusi mpaka mvua inyeshe. Vyuo vyetu hula mavuno yote kila msimu.

Kuna tatizo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Hata msimbo uliowekwa hadharani, mara nyingi hauna leseni. Kijana huupandisha GitHub akidhani kuuweka wazi kunatosha. Hakutoshi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inaitambua programu ya kompyuta kama kazi inayolindwa, kama kitabu. Msimbo usio na leseni ni mali ya aliyeuandika, na hakuna halmashauri wala kampuni inayoweza kuutumia kwa amani. Faili moja la leseni, linaloandikwa kwa dakika chache, ndilo linaloamua kama kazi hiyo itatumiwa na wengine au itakuwa kumbukumbu ya mtu mmoja. Wahadhiri walifundishe hili katika muhula wa kwanza.

Na kuweza kuupata msimbo ni nusu ya kuuhifadhi. Nchi ina mifumo mingi ya serikali iliyojengwa na Watanzania, na Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyopewa nguvu kwa sheria ya 2019, imefanya kazi kubwa ya kuiunganisha na kuzuia taasisi kununua mara mbili kitu kimoja. Tunaipongeza bila kusita. Lakini mtaalamu wa TEHAMA wa halmashauri, aliyeko Mkata au Korogwe, anahitaji katalogi ya wazi: vipande gani vya msimbo vilivyolipiwa na umma vinaweza kutumiwa tena, vimeandikwa kwa lugha gani, vina leseni gani, vinatunzwa na nani, mara ya mwisho viliguswa lini. Bila katalogi hiyo, kipande cha kusoma namba ya kumbukumbu ya malipo, au cha kuandika kiasi cha fedha kwa maneno ya Kiswahili kwenye stakabadhi, kitaandikwa upya katika kila ofisi, na kila mmoja atakosea mahali pake.

Mfano wa namna mambo yanavyoweza kwenda vizuri tunao, na uko nyumbani. DHIS2, mfumo ambao takwimu za afya za nchi nzima zimekuwa zikipitia tangu 2013, unatunzwa na Chuo Kikuu cha Oslo pamoja na mtandao wa vyuo vya nchi nyingi, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Msimbo wake uko wazi. Ulipohama kutoka Launchpad kwenda GitHub, kila badiliko la nyuma lilihama nao. Watanzania wameuongezea vipande vyao na kuwafundisha wa nchi jirani. Desemba 2021, ilipogundulika kwamba maktaba ya Log4j, inayotumika katika mifumo isiyohesabika duniani, ina mlango ambao mdukuzi angeweza kuuingilia kwa kuandika mstari mmoja tu wa maneno, waliokuwa na orodha ya maktaba zao walijua siku hiyohiyo kama wameathirika. DHIS2 ilitoa matoleo yaliyorekebishwa. Walioachiwa mfumo na mkandarasi aliyekwishaondoka, bila msimbo na bila orodha, hawakuwa hata na pa kuanzia kutafuta.

Kuna mfano mwingine wenye funzo chungu kidogo. Mfumo wa eLMIS, unaofuatilia dawa kutoka bohari hadi zahanati, ulijengwa kwa msimbo wa OpenLMIS wakati mmoja Tanzania na Zambia. Kazi ilikuwa ya haraka, mahitaji yalikuwa mengi, na tawi letu likaachana na shina. Marekebisho ya kwetu hayakurudishwa yote kwenye hazina ya pamoja, na ya wengine hayakutufikia kwa urahisi. OpenLMIS ilipoandikwa upya na kutolewa kama toleo la tatu mwaka 2017, tawi lililoachana na shina lilikuwa limebaki nyuma na mzigo wake. Kuhifadhi ni pamoja na kurudisha. Anayechota hazina ya pamoja asirudishe kitu hujikuta, baada ya miaka, anatunza peke yake kitu ambacho kingetunzwa na wengi.

Tunajua hoja itakayotolewa dhidi ya haya yote: usalama. Kwamba msimbo wa serikali ukiwekwa wazi, wahalifu watausoma. Hoja hiyo tunaiheshimu, na tunaijibu kwa kutenganisha mambo matatu. Taarifa za wananchi, majina ya watoto na magonjwa yao, haziwekwi wazi kamwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imekwishasema. Nywila na funguo za seva hazikai ndani ya msimbo, na pale zinapokaa ni uzembe unaopaswa kurekebishwa hata kama msimbo umefungiwa kabatini. Vipande vichache, vya ulinzi na malipo, vinaweza kubaki vimefungwa kwa sababu zinazoelezeka. Lakini hata hivyo lazima vihifadhiwe, kwa nakala zaidi ya moja, katika ofisi zaidi ya moja. Kufunga na kupoteza ni vitu viwili. Wala kuweka wazi peke yake hakutoshi: Machi 2024 mhandisi mmoja, Andres Freund, aligundua kwamba maktaba ya xz, iliyo wazi kabisa, ilikuwa imetiwa sumu na mtu aliyejifanya msaidizi kwa miaka. Maktaba hiyo ilikuwa imeachiwa mtunzaji mmoja aliyechoka. Iligunduliwa kwa sababu ilikuwa wazi kukaguliwa; ilitiwa sumu kwa sababu wanaoitegemea hawakumsaidia aliyeitunza.

Kwa hiyo tunataka nini? Kwanza, mikataba. Kila mkataba wa mfumo wa umma, uwe wa serikali au wa mfadhili, useme kwamba malipo ya mwisho hayatoki mpaka msimbo wote, pamoja na historia ya mabadiliko, maelekezo ya kuujenga na orodha ya maktaba unazozitegemea, uwe umekabidhiwa na umejaribiwa kujengwa upya na mtu ambaye hakuuandika. Jaribio hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Msimbo usioweza kujengwa upya ni karatasi. Akaunti za hazina ziwe za taasisi, si za kijana mmoja mwenye barua pepe yake binafsi; akihama kituo, zisiende naye.

Pili, kuna ofisi mbili ambazo mpaka sasa zimekaa pembeni na hazipaswi. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa inaongozwa na sheria ya 2002 iliyotungwa ili kumbukumbu za shughuli za umma zisipotee. Uamuzi wa nani apate dawa kwanza au nani aonekane amekosa chanjo, ambao zamani uliandikwa kwenye waraka, leo umeandikwa kwenye msimbo. Idara iutambue hivyo na iseme ni mifumo ipi inapaswa kufika kwake. Bodi ya Huduma za Maktaba nayo imezoea kupokea nakala za vitabu vinavyochapishwa nchini. Tunaishauri ianze kupokea msimbo wa miradi ya vyuo, kwa makubaliano na tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, na vyuo vyenyewe, pamoja na ripoti yake, ndani ya rekodi moja inayotafutika kwa mada, kwa lugha ya programu na kwa jina la chuo.

Tatu, isisubiriwe sera mpya ili kuanza. Software Heritage, iliyoanzishwa 2016 na taasisi ya Inria ya Ufaransa na kushirikiana na UNESCO tangu mwaka uliofuata, inahifadhi msimbo wa miradi zaidi ya milioni 300 na hupokea bila malipo ombi la mtu yeyote la kunakili hazina ya wazi: unaweka anwani, wanachukua msimbo na historia yake yote. Kila kipande hupewa utambulisho unaotokana na maandishi yenyewe, kwa hiyo ukibadilishwa hata herufi moja utambulisho haulingani tena. Tangu 2025 utambulisho huo ni kiwango cha kimataifa cha ISO. Mhadhiri anaweza kuwaagiza wanafunzi wake wafanye hivyo wiki hii. Ofisa wa mradi unaokaribia kufungwa anaweza kufanya hivyo leo mchana. Si mbadala wa hazina ya ndani ya nchi, lakini ni nakala moja zaidi ya ile iliyopo.

Wala hakuna anayeweza kusema kwamba gharama ndiyo kikwazo. Msimbo ni maandishi. Februari 2020 GitHub ilipochukua nakala ya miradi ya wazi iliyokuwa hai kwake na kuipeleka katika mgodi wa zamani wa makaa ya mawe Svalbard, kaskazini mwa Norwe, yote ilikuwa terabaiti 21 na ilienea katika mikanda 186 ya filamu. Msimbo wa mifumo yote ya afya iliyowahi kuingia mkoa wa Tanga ungeenea kwenye diski moja ya mkononi. Gharama kubwa ni mshahara wa mtu wa kuutunza, kuupanga na kujibu anayeuliza. Huyo ndiye anayepaswa kuajiriwa.

Kwa hapa mkoani, tunaziomba halmashauri za Handeni na Korogwe, za wilaya na za miji, zianze na orodha. Kila mkuu wa kitengo cha TEHAMA aandike mifumo inayotumika katika halmashauri yake na ile iliyowahi kutumika ikaachwa: nani aliijenga, kwa fedha ya nani, msimbo uko wapi, nakala ziko ngapi, mkataba wa seva unaisha lini. Pale ambapo jibu ni "kwa mkandarasi", aandike barua kumtaka mkandarasi aukabidhi, na nakala ya barua iende kwa katibu tawala wa mkoa. Mapendekezo ya bajeti yanapoandaliwa, kiwekwe kifungu cha kuhifadhi msimbo kama kilivyo cha kukarabati majengo. Gazeti hili litaziomba halmashauri orodha hizo na kuzichapisha, pamoja na majina ya mifumo ambayo msimbo wake haukupatikana.